Meza ya Kifudifudi

9 Februari

Chiriku, mpwa wangu,

Natumai barua hii inakukuta umekula, umepumzika, na mwanao hajakupasua kichwa kwa maswali. Mimi sijambo. Mwanangu, yaani binamu yako, hajambo. Mkewe hajambo. Mbwa wao pia hajambo, na nakutajia mbwa kwa sababu humu ndani ndiye peke yake anayetolewa nje kila jioni.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Masikio haya yaliliwa na mashine ya kukatia vigae, wewe unajua, na mimi nikiongea na simu mpaka jirani anaitikia. Barua namkabidhi mlinzi wa getini. Nimempa jina la Kufuli, naye kalipenda, mjinga yule. Barua zangu anazitoa bila shida. Mimi mwenyewe ndiye hanitoi. Ameambiwa mzee asitoke peke yake. Nikimwuliza amri hiyo inaisha lini, ananijibu, "Mzee, mimi nakula kwa kutii."

Nililetwa hapa kwa wiki mbili, ukumbuke. Daktari aone mguu, apime presha, kisha nirudi kwangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huu ni mwezi wangu wa nne hapa, na jembe lenyewe hawanipi! Nikishika ufagio napokonywa. Nikisema nataka kwangu, mwanangu ananiambia, "Tutaona, Baba," halafu ananiletea juisi. Nimechoka na juisi, Chiriku. Nataka nyumba yangu na karakana yangu, nataka kulala kitanda nilichokinunua mwenyewe.

Sasa sikiliza. Walikuwa na meza ya kioo bustanini. Upepo umeiangusha, imekuwa chengachenga. Nikadakia hapohapo: nitawatengenezea ya vigae juu ya saruji, ikae mvuani na juani mpaka wajukuu wazeeke. Mwanangu akafurahi kana kwamba mimi ni mtoto aliyekuwa amegoma kula na sasa amekubali. Kanunua saruji, wavu wa chuma, kila kitu. Kimoja tu hakiuzwi dukani, vile vipande vyangu vya buluu, kwenye debe chini ya benchi, mkono wa kulia ukiingia karakana. Nitumie kwa basi. Na unieleze habari za nyumba. Bati la jikoni bado linavuja? Karakana unafagia, au umewaachia kuku?

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi bila kutaka, darasani wamemtoa nje mara mbili. Mimi nina kazi ya kupiga vigae kwenye korido ya zahanati, kazi ndefu, magoti yamekufa ganzi. Ndiyo sababu nimechelewa kujibu, unisamehe.

Nyumba haina neno. Debe nitalitafuta.

Mjomba, binamu aliniambia kuna siku ulitoka peke yako ukachelewa sana kurudi. Ilikuwaje? Hukuniandikia habari hizo. Tafadhali usikae juani na saruji yako, na dawa umeze.

Mpwa wako


20 Machi

Chiriku,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta ukurasa wa pili. Nikamwuliza hata Kufuli kama ameuangusha. Chiriku gani huyu, anayelia mara moja akanyamaza? Wewe uliyekuwa ukisimulia ndoto yako asubuhi hadi saruji inagandia kwenye ndoo! "Nyumba haina neno." Nyumba yangu ina maneno mengi sana. Nataka kujua la bati.

Mwambie mwanao Babu anasema mluzi si kosa.

Habari ya mimi kuchelewa kurudi imetiwa chumvi. Nilikwenda kununua wembe. Basi.

Nikueleze meza, maana humu sina wa kumweleza. Nimepewa banda la nyuma walikokuwa wakiweka viti vibovu. Lina dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama ukuta. Nimekunja bamba la chuma likawa duara, upana wake kama mikono yangu yote miwili nikiinyoosha nusu. Ndani nimetandika karatasi ya kaki, nikachora picha, na sasa nabandika vigae kwa uji wa unga wa ngano, uso chini mgongo juu. Vikijaa nitamwaga saruji na wavu juu yake, niiache ikomae. Kisha tunaigeuza, tunailowesha karatasi, tunaibandua. Hapo ndipo picha inaonekana. Kabla ya hapo ni siri ya fundi.

Mke wa mwanangu huja na miwani yake, anainama. "Baba, mbona yote rangi ya biskuti?" Namwambia, mama, hiyo ni migongo. "Uso wake una nini?" Maua, namwambia. Anaridhika, anakwenda zake. Mtoto wa watu hana ubaya. Hunikatia hata nyama kwenye sahani, mimi mwenye meno yangu.

Wewe nitakwambia. Si maua. Ni nyumba yetu. Ule upande wa mbele, na ngazi zake tatu, na tangi la maji, na karakana na mlango wake wa buluu. Mwanangu alizaliwa chumba cha kushoto, mkunga alichelewa, nikamdaka kwa mikono hii yenye chokaa. Nimesema na mdomo mpaka nimechoka, hasikii. Basi acha aibandue karatasi kwa mkono wake mwenyewe aione nyumba aliyozaliwa. Itamchoma. Akichomeka atanirudisha. Ndiyo hila yangu yote, na sina nyingine.

Kwa hiyo mlango unanisubiri. Leta buluu.

Mjomba wako


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo, tunakuombea. Korido imekwisha, sasa wamenipa vyoo. Msimamizi ni mtu wa kelele, lakini akiona mstari wangu umenyooka ananyamaza.

Kifurushi nimemkabidhi dereva wa basi la asubuhi. Si debe zima, ni vya kutosha mlango.

Mjomba wangu, nakuomba kitu, na usinikasirikie. Tengeneza maua kweli. Ulikuwa bingwa wa maua wewe. Ile meza ya yule mama mwenye hoteli, watu walikuwa wanaomba kuipiga picha. Kila mtu hupenda maua bustanini. Nyumba ya nini mezani? Watu wamwagie chai juu ya paa?

Na kama umeshikilia ni nyumba, angalau niambie umekumbuka kuchora kinyume. Picha ya kifudifudi ikigeuzwa, kushoto inakuwa kulia. Nakukumbusha tu.

Mpwa wako


22 Aprili

Wewe mtoto,

Salamu nitakupa mwisho wa barua nikiona unastahili.

Kwanza, unanifundisha mimi kuchora kinyume? Mimi niliyekupiga makofi ya mgongo kwa kosa hilohilo, ukiwa hujajua hata kufunga kitambaa kichwani? Haya, dunia imegeuka.

Pili, hivi ulivyonitumia si vyangu. Ulidhani uzee umeniingia machoni? Vyangu nilivipasua kwa nyundo juu ya gogo, kila kimoja na sura yake, na migongoni vina saruji ya bafu tulilolibomoa. Hivi vimekatwa kwa koleo, kingo zimenyooka, mgongo mweupe kama meno ya mtoto. Umenunua kigae dukani ukakaa ukakata kimoja kimoja. Kazi nzuri, sikatai. Lakini mtu mwenye debe limejaa chini ya benchi hanunui kigae dukani.

Kwa hiyo karakana huingii. Kwa nini huingii? Ufunguo umepotea? Vunja kitasa. Umeibiwa? Sema umeibiwa, sitakupiga, mkono wangu haufiki huko. Unakaa kwenye nyumba yangu, unapika jikoni kwangu, na hatua kumi uani zinakushinda? Na lile bati nimeuliza mara mbili. Njia ya mwongo ni fupi, Chiriku, na wewe hukuumbwa na miguu ya njia hiyo. Unaanza kujikwaa barua ya pili.

Humu ndani wananificha visu, wananificha viberiti, wananificha barua za daktari. Sikuzoea kufichwa na wewe. Usiku kucha nimekaa kwenye kitanda chao laini nikiwaza, hata huyu? Nimeumia, mwanangu. Nakuandikia hivyo hivyo bila kuremba.

Jibu upesi, na ujibu kilichoulizwa.

Mjomba


19 Mei

Chiriku,

Sijapata jibu. Kufuli anaapa hakuna barua, hata nimempekua mfuko wa koti.

Kama unaumwa, mtu akuandikie. Kama ni hasira kwa yale maneno yangu, yamekwisha, sisi hatuna wa kununiana. Dada yangu alikuacha kwangu ukiwa wa kubebwa.

Nimeutia mlango buluu yako ya dukani, nilikuwa sina nyingine. Saruji nimeimwaga na imekomaa, nikiigonga inaitika. Jumapili mwanangu yuko nyumbani. Nimemwambia aje banda la nyuma anisaidie kugeuza, ni nzito. Kavaa uso wa furaha, anasema ataleta na kamera.

Omba dua yoyote unayoijua. Nikifanikiwa, mwisho wa mwezi niko kwangu, na utanipokea kituoni.

Mjomba wako


23 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika leo. Sijui hii itakuwahi. Nikipata basi la usiku itafika Jumatatu, nawe umesema Jumapili. Kama kwa bahati bado, nakusihi usimwite. Usiigeuze meza hiyo.

Nyumba haipo, Mjomba. Imeuzwa tangu Januari. Binamu ameiuza. Ulimwandikisha kiwanja mwenyewe ili siku ukifa pasiwe na usumbufu, naye hakusubiri. Aliyenunua alileta tingatinga, akaanza na karakana. Mimi nilipewa taarifa asubuhi, nikatoa kitanda chako, masufuria na cherehani ya mama. Debe sikulikuta. Nilirudi jioni kuchambua kifusi nikakuta wamekisomba. Sasa pana ukuta mrefu na geti jeusi.

Naishi chumba kimoja nyuma ya saluni. Mtoto analala kwenye kitanda chako, mimi chini.

Binamu aliniomba nisikwambie mpaka yeye apate maneno. Mtu anatafuta maneno kuanzia Januari? Nilimtukana kwenye simu mpaka mwenye saluni akazima redio ili asikie vizuri. Lakini nikanyamaza, Mjomba, nikaogopa, kwa sababu ya ile siku ya wembe. Najua yote, alinieleza akilia. Walikutafuta kutwa. Walikukuta upande mwingine kabisa wa mji, na kiatu kimoja, unamuuliza kila mpita njia nyumba ya mama yako. Bibi aliyekufa mimi sijazaliwa! Nikasema moyoni, mtu wa hivyo ukimwambia nyumba yake imevunjwa, unamuua. Labda nilikosea. Kila ukiuliza la bati nilikuwa naweka kalamu chini na kwenda kufua nguo ambazo si chafu.

Nakasirika na yeye, nakasirika na wewe uliyenificha, nakasirika na mimi. Njoo tubanane hapa. Chumba ni kidogo lakini geti halina. Niambie tu siku, nitakufuata mwenyewe.

Mpwa wako


11 Juni

Chiriku, binti wa dada yangu,

Marahaba, na salamu zako zile nilizokunyima Aprili uzipokee zote pamoja na hizi. Mluzi wa mwanao umeisha, au jino bado? Mimi nakula, nalala. Mguu hauumi.

Barua yako ilinikuta Jumanne. Tulikuwa tumeshageuza.

Alikuja amevaa kaptula, na kamera shingoni. Tukaihesabia moja, mbili, tatu, tukaipindua juu ya magunia. Haikupata ufa hata mmoja. Nikamwagia maji, nikampa yeye ncha ya karatasi. Alibandua polepole, kama mtu anayevua bandeji ya mtoto. Zikatokea ngazi, likatokea tangi. Alipofika dirisha la chumba alichozaliwa mkono ukasimama. Akakaa chini, kwenye tope la saruji, na kaptula yake nyeupe. Akasema, "Baba, nimeiuza." Akaanza kulia mpaka mkewe akaja mbio akidhani jiwe limemwangukia.

Utafikiri nilimpiga. Hata mimi niliwahi kudhani siku mwanangu akinifanyia jambo kubwa nitamlaani. Lakini niseme ukweli wangu, wakati ule nilikuwa simtazami. Nilikuwa naitazama picha. Nilikuwa natafuta kitu na sikijui, halafu nikakijua. Mlango wa karakana ulikuwa kulia badala ya kushoto. Tangi lilikuwa upande wa barabara. Chumba alichozaliwa mwanangu kilikuwa kimehamia kwa jirani. Nyumba nzima ilikuwa imegeuka, Chiriku. Sikuchora kinyume.

Na ulinikumbusha! Nilikutukana, nikaingia bandani siku hiyohiyo, nikaendelea kubandika, na kila asubuhi nilikuwa naitazama michoro ile ya kalamu na kuona iko sawa kabisa. Mwanangu yeye hakuona kosa. Alikuwa analia kwa sababu ya nyumba, mimi nikaanza kulia kwa sababu ya kazi yangu, na mkewe katikati anatushika mabega wote wawili. Ile siku ya wembe nilijiambia ni jua. Safari hii jua halikuwepo.

Nimemsamehe? Sijui. Ananiletea juisi, nainywa. Kuuza bila kuniambia ni ubaya, na nimemwambia hivyo mbele ya mkewe, kwa sauti niliyokuwa nayo zamani. Akasema, "Ningefanyaje, Baba, nikuache ukae kule mchana kutwa peke yako, uulize watu njia ya kwenda kwa Bibi?"

Kesho yake akamwita Kufuli, akamwambia geti lisifungwe mchana. Mzee akitaka kwenda, aende. Kasema hataki kuwa askari jela wa baba yake.

Basi nilitoka. Nilifunga begi, nikavaa viatu vyote viwili, nikaenda kwa miguu mpaka kwenye ofisi ya mabasi. Sikupotea hata kona moja. Nikapanga foleni. Msichana wa dirishani akaniuliza, "Mzee, unakwenda wapi?" Nikamtajia mji wetu, nikamtajia na kituo cha kushuka. Akaandika. Akaniuliza kama kuna atakayenipokea, nikaanza kumweleza njia: ukishuka unapita kinu cha unga, unakata kwenye kona ya kinyozi, unapanda kidogo. Nikafika hapo kwenye kupanda nikanyamaza. Nilikumbuka kila kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Nilikumbuka mpaka geti jeusi la barua yako. Waliokuwa nyuma yangu wakaanza kunong'ona kwamba mzee anachelewesha watu. Nikamwambia yule binti samahani, nikatoka kwenye foleni, nikarudi kwa miguu yangu mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuta geti liko wazi nikaingia, na Kufuli akasimama akanipigia saluti kama afisa. Nikakaa kitandani na begi mapajani mpaka wakaniita kula.

Ndiyo nimefungwa sasa, mwanangu. Zamani nilikuwa nimefungiwa tu.

Chumba chako nimekisoma na moyo wangu umekipokea. Siji. Usiku mmoja nitaamka nitoke nikatafute nyumba ya mama yangu. Utamwacha mtoto na nani ukanifuate gizani? Hapa wapo wengi wa kunifuata. Cherehani ya mama yako itumie, isikae. Kitanda ni cha mtoto.

Meza wameiweka bustanini hivyohivyo. Wageni wanaisifu. Mimi nakaa upande wa pili nikiwapa mgongo.

Sasa ombi langu, na nakuandikia leo kichwa kikiwa kimetulia, nimekaa na dirisha wazi, najua tarehe na najua jina la mbwa. Nilikugombeza kwa uongo na ilikuwa haki yangu. Lakini daktari kaniambia yanayokuja, safari hii nimemlazimisha aniambie mimi, si mwanangu. Kuna siku utapokea barua yangu ikiuliza habari za nyumba, kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa. Huenda zikaja nyingi, zote na swali hilohilo. Usinipeleke tena kwenye kifusi kila mara, sitaweza kukizika mara ishirini. Siku hiyo ikija, Chiriku, niandikie ndefu kama zamani, na uniambie ipo.

Mjomba wako